Haki ya Goti Lililoumia

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu akakipa kila kiungo kazi yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Amma baad.

Wasomaji wetu watukufu, imepokewa katika Hadithi sahihi kuwa mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kwamba kila kiungo kinadaiwa sadaka yake kila siku. Katika viungo hivyo vyote, goti ni katika vile vinavyofanya kazi nzito kabisa. Ndilo linalotubeba tukienda sokoni na shambani, ndilo linalokunjika tukikaa jamvini, na ndilo linalotufikisha kwenye sijida. Sala za fardhi za siku moja zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijida 2. Kwa hivyo Muislamu anayesali fardhi tu, bila ya sunna, husujudu mara 34 kila siku, na kila mara goti lake limegusa ardhi. Basi goti likiumia, haliumii la mchezaji mpira peke yake. Huumia la mwenye kusali, la mama jikoni, na la mtoto aliyekaa chuoni na juzuu yake.

Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya goti linapoumia: lina nini ndani yake, hutibiwaje, na hupona vipi. Yametushurutisha kuandika mambo matatu tunayoyaona katika mitaa yetu kila mwaka. La kwanza, kijana huumia uwanjani, akaficha kwa kuogopa kukatazwa mpira. La pili, akishindwa kuficha hupelekwa kwa mchuaji, akavutwa mguu na kukandwa kwa mafuta ya moto siku ile ile ya kwanza. La tatu, na hili ndilo kubwa, uvimbe ukipungua kidogo watu husema amepona; kijana hurudi uwanjani, na mzee huyalazimisha magoti yake chini kwa kuona haya kusali kitini. Mambo yote matatu ni tawi la mti mmoja, nao ni haraka. Goti lililoumia lina haki tatu juu yetu: lijulikane lilivyoumia, litibiwe na mjuzi, na lipewe muda wake. Haki ya tatu ndiyo inayodhulumiwa zaidi.

UMBO LA GOTI

Goti ni mahali panapokutana mifupa mitatu: mfupa wa paja kutoka juu, mfupa wa muundi kutoka chini, na kwa mbele kilegesambwa, ambacho wengi wetu hukiita pia ya goti. Mifupa hii haikushikana kama bawaba ya mlango ilivyoshikwa na misumari. Imekaa tu, mmoja juu ya mwingine, na kinachoizuia isiteleze ni kano na misuli.

Kano kubwa ni nne. Mbili zimo ndani, zimepishana kama mikono ya mtu aliyefumbata kifua. Moja huuzuia muundi usiponyoke kwenda mbele, na ya pili huuzuia usirudi nyuma. Mbili nyingine zi kwenye mbavu za goti, moja ndani na moja nje, nazo hulizuia goti lisipinde upande. Zaidi ya hizo, iko kano nene ishukayo kutoka kilegesambwa hadi kwenye muundi, nayo ndiyo inayopokea nguvu za misuli ya paja na kuunyosha mguu.

Baina ya mfupa wa paja na muundi vimewekwa vipande viwili vya gegedu, yaani ule mfupa laini uvutikao. Kazi yake ni kama mto: kupokea uzito na kuugawa. Waganga wa zamani walipovitazama waliona vimepinda kama mwezi mchanga, wakaviita menisko, neno la Kiyunani lenye maana hiyo hiyo. Sisi tutaviita hilali za goti. Yafaa kujua kwamba hilali hizi hupata damu ukingoni tu. Sehemu ya ndani haina mishipa ya damu. Na mahali pasipofika damu, kidonda hakifungi kwa urahisi. Hii ndiyo sababu jeraha la hilali hukaa muda mrefu, na ndiyo sababu hapana mafuta ya kupaka juu ya ngozi yawezayo kulifikia.

NAMNA GOTI LINAVYOUMIA

Namna ni nyingi, nasi tutataja zile zinazotokea sana.

Kwanza, kukatika kwa kano ya ndani ya mbele. Watu wengi hudhani kuwa lazima mtu apigwe teke. Sivyo. Mara nyingi mchezaji yuko peke yake: amekimbia, ameukita mguu chini, kisha amegeuka ghafula, au ameruka akatua vibaya. Husikia mlio ndani ya goti kama kijiti kilichovunjika, na goti huvimba katika saa chache zile zile, kwa sababu limejaa damu. Baada ya siku kadhaa maumivu hupungua, akaweza hata kutembea. Lakini kila akigeuka goti hulegea kama linataka kumwangusha. Wazazi wenye mabinti wanaocheza mpira wa pete au wa miguu nao wajue kwamba wasichana huumia kano hii zaidi ya mara mbili kuliko wavulana katika michezo ya namna moja.

Pili, kuumia kwa kano ya ubavu wa ndani, mtu agongwapo goti kutoka upande wa nje. Hapa maumivu huwa ubavuni. Jeraha hili, ijapokuwa linauma, mara nyingi hupona bila ya kupasuliwa, kwa kulikinga goti na kufanya mazoezi kwa majuma kadhaa.

Tatu, kuumia kwa kano ya ndani ya nyuma, na hili hutokea muundi ukigongwa kwa mbele huku goti limekunjwa. Wanaoanguka na pikipiki za bodaboda ni katika watu wake.

Nne, kuchanika kwa hilali. Kijana huchanika kwa kujipinda akiwa amekunja goti. Mtu mzima huweza kuchanika kwa jambo dogo tu, kama kuinuka alipokuwa amechutama, au kuinuka juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu gegedu hudhoofika kwa umri. Uvimbe wake huja polepole, pengine siku ya pili. Alama yake ni maumivu kwenye mstari wa maungio, na wakati mwingine goti hukwama, halinyooki wala halikunjiki, kana kwamba kuna kitu kimeingia kati.

Tano, kilegesambwa kuhama mahali pake, kikaenda upande wa nje. Au kupasuka kwa kuangukia goti. Mtu ambaye hawezi kuuinua mguu wake ukiwa umenyooka, basi kilegesambwa chake au kano yake kuu ina jambo, na asingoje kesho.

Sita, mfuko wa maji ulio mbele ya kilegesambwa kuvimba kwa sababu ya kupiga magoti mahali pagumu muda mrefu. Hupata mafundi wa sakafu na wanawake wanaosugua nyumba. Dawa yake kubwa ni kuliondolea goti shinikizo lile na kuweka kitu laini chini.

Saba, na hili twawausia walimu wenzetu, ni maumivu ya kile kinundu kilicho chini ya goti kwa watoto wanaokua upesi na kupenda michezo, hasa baina ya miaka 10 na 15. Yalielezwa mwaka 1903 na Dokta Osgood wa Boston na Dokta Schlatter wa Zurich, kila mmoja mbali na mwenzake, na mpaka leo yanaitwa kwa majina yao. Huondoka yenyewe mtoto akimaliza kukua, lakini kupiga magoti juu ya sakafu tupu humuumiza kwelikweli. Mtoto akisema hawezi kukaa mkao ule, asiambiwe ni mvivu. Apewe mto au aachwe anyooshe mguu. Qur'ani husomwa pia na mwenye mguu ulionyooka.

SAA ZA MWANZO

Mtu akiumia goti, la kwanza ni kuacha kile alichokuwa akikifanya. Asijaribu kama litafaa, wala asirudi kumalizia mchezo. Akae, mguu uinuliwe juu ya mito upite usawa wa moyo, na goti lifungwe kitambaa cha kubana kwa kadiri, si cha kukaza hata vidole vikafa ganzi.

Ama barafu, mwaka 1978 Dokta Gabe Mirkin wa Marekani aliandika katika kitabu chake shauri la kupumzika, kuweka barafu, kubana na kuinua, na shauri hilo likaenea duniani kote. Mwaka 2014 yeye mwenyewe alirudi akaandika kwamba barafu, ijapokuwa hutuliza maumivu, huenda ikachelewesha kupona, kwa sababu uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya kazi ya mwili kujitengeneza. Basi mwenye maumivu makali hapana ubaya akiweka barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 15 hivi, isigusane na ngozi. Walakini asidhani kuwa barafu ndiyo inayoponya.

Linalokatazwa katika siku mbili tatu za mwanzo ni joto, kuchua na kuvuta. Goti limejaa damu kwa ndani. Ukilikanda kwa maji ya moto au mafuta ya moto unaiongeza. Na ukiuvuta mguu ambao kano yake imechanika nusu, huenda ukaimalizia. Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu wachuaji. Wako wenye mikono ya baraka kwa misuli iliyochoka na mgongo uliokaza. Lakini mkono hauoni ndani ya goti, na mtu mwenye insafu hukiri mpaka wa elimu yake. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Kordoba, tabibu Muislamu aliyefariki mwaka 1013, aliweka katika kitabu chake kikubwa sehemu nzima ya upasuaji, pamoja na mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka, na humo aliwaonya wanaotia mikono katika kazi hiyo bila ya kuyajua maumbile ya mwili. Onyo hilo limetimiza zaidi ya miaka 1,000, nasi bado twalihitaji.

Kadhalika hijama. Sisi hatuikatai hijama, kwani Mtume (s.a.w.) aliifanya. Bali si kila mahali ni pa kukatwa. Kupiga chale juu ya goti lililojaa maji au damu ni kuufungulia mlango uchafu uingie katika maungio, na maungio yakiingia usaha huweza kuharibika katika siku chache.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mwaka 1995 madaktari wa Ottawa, nchini Canada, walitoa kanuni nyepesi ya kujua nani apigwe picha ya eksirei baada ya kuumia goti. Ni mambo matano, na moja tu likipatikana latosha: umri wa miaka 55 au zaidi, maumivu ya kubonyeza kilegesambwa peke yake, maumivu juu ya kichwa cha ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, chini kidogo ya goti, kushindwa kulikunja goti hadi pembe ya nyuzi 90, na kushindwa kwenda hatua 4, hata kwa kuchechemea. Eksirei huonyesha mfupa tu. Kano na hilali hazionekani humo. Kwa hivyo mtu akiambiwa picha yake ni safi, asidhani goti lake ni zima. Daktari hupima kano kwa mikono yake, na ikilazimu huagiza kipimo cha MRI.

Yako mambo yasiyongoja hata saa moja. Goti lililotoka mahali pake likaonekana limepinda, au mguu wa chini ukawa baridi, umefifia rangi, au vidole vimekufa ganzi: huenda mshipa mkubwa wa damu upitao nyuma ya goti umeumia, na mguu ukikaa bila ya damu kwa kadiri ya saa 6 huwa katika hatari ya kukatwa. Kadhalika aliyefungwa banzi au plasta akahisi maumivu yanazidi na vidole vinavimba, afunguliwe na apelekwe upesi. Na goti jekundu lenye joto, pamoja na homa, ambalo haliwezekani kuguswa, hilo ni la hospitali usiku huo huo, hata kama mtu hakuanguka. Kwa majeraha makubwa nchini Tanzania iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1996, na hospitali za mikoa huwapeleka huko wagonjwa wanaostahiki.

Hapa pana neno kwa dada zetu. Wako wanawake wanaokaa na goti bovu miaka kwa kuona haya kulifunua mbele ya daktari. Haya ni katika imani, wala hatuibezi. Lakini wanachuoni wetu wamekwisha kulieleza jambo hili: atafutwe daktari mwanamke, akikosekana, mwanamume aruhusiwa kwa dharura, mume au maharimu awepo, na kifunuliwe kile tu kinachohitajiwa. Mume anayemzuia mkewe matibabu kwa hoja ya sitara, na hali njia hii iko, hakuilinda sheria; amemdhulumu mkewe.

KUPASULIWA NA KUTOPASULIWA

Wengine huogopa kisu hata pale panapostahiki, na wengine hukikimbilia pasipo haja. Ukweli uko kati. Katika nchi ya Sweden walichukuliwa watu 121, wenye umri wa miaka 18 hadi 35, waliokatika kano ya ndani ya mbele. Nusu walipasuliwa mapema pamoja na mazoezi, na nusu walianza kwa mazoezi, atakayeshindwa apasuliwe baadaye. Habari zao zilitolewa mwaka 2010: baada ya miaka miwili makundi mawili yalikuwa sawa, na zaidi ya nusu ya kundi la pili walikuwa bado hawajapasuliwa kano hiyo. Nchini Finland, mwaka 2013, ilitolewa habari ya watu 146 wa makamo ambao hilali zao zilichanika kwa kuchakaa. Baadhi walikatwa ile sehemu mbovu, na baadhi walifanyiwa upasuaji wa jina tu, bila ya kuondolewa kitu, nao hawakujua. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti baina yao.

Hatusemi kwamba upasuaji haufai. Goti lililokwama kwa hilali iliyojipindua, kano kuu iliyokatika kabisa, kilegesambwa kilichopasuka na vipande vikaachana, na kijana ambaye goti lake linalegea kila siku juu ya mazoezi yote, hawa huenda kisu kikawa ndiyo tiba yao. Tunalolisema ni hili: aliyepasuliwa na asiyepasuliwa, wote wawili wamo katika safari moja, nayo ni mazoezi na muda.

MAZOEZI NA MUDA

Goti likiuma, misuli ya paja hunyauka upesi. Ukilinganisha mapaja mawili utaona moja limepungua. Na misuli ndiyo askari wa goti. Kwa hivyo kulala kitandani majuma mengi si tiba, kama kukimbia mapema kusivyokuwa tiba. Maumivu makali yakipungua, na daktari akiruhusu, mgonjwa huanza kwa mambo madogo: kuukaza mguu ulionyooka kwa kulibonyeza goti chini, akahesabu hadi 5, kisha akauachia, kuuinua mguu ukiwa umenyooka kadiri ya shibiri moja na nusu, kuuburura unyayo sakafuni polepole ili goti likunjike kidogo kidogo. Baadaye huja kuketi na kuinuka juu ya kiti, kupanda kidato kimoja, kusimama kwa mguu mmoja. Maumivu kidogo wakati wa mazoezi hayana ubaya; lakini uvimbe ukirudi siku ya pili, ni dalili kuwa mtu amevuka mpaka, naye arudi nyuma hatua moja. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye mwalimu wa darasa hili, na kila darasa lina juzuu zake. Hairukwi juzuu ya kwanza kwenda ya tano.

Ama kurudi katika mpira baada ya kutengenezewa kano ya ndani, muda wake si miezi mitatu kama wadhanivyo vijana. Mwaka 2016 ilitolewa habari ya wachezaji wa Norway waliotazamwa baada ya upasuaji huo. Ilionekana kwamba kila mwezi mmoja mchezaji aliochelewa kurudi, mpaka mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa kiasi cha nusu. Basi miezi 9 ndiyo ya uchache, na zaidi ya hapo paja la mguu ulioumia lazima lifikie nguvu za mwenzake.

Vijana wetu wanalijua jina la Ronaldo wa Brazil. Mwezi wa Novemba 1999, akichezea Inter ya Milan, kano ya goti lake la kulia ilipasuka. Alitibiwa na wajuzi, katika nchi tajiri, na tarehe 12 Aprili 2000 akarudi uwanjani katika fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Hazikutimia dakika 10, akaanguka bila ya kuguswa na mtu, kano ile imekatika kabisa. Ikampasa kukaa nje zaidi ya mwaka mzima. Safari ya pili alingoja, akafanya mazoezi, na mwaka 2002 akafunga mabao 8 katika Kombe la Dunia, mawili kati yake katika fainali dhidi ya Ujerumani. Kijana anayesema kuwa akingoja mwaka mmoja mpira umempita, na autazame mfano huu.

Kujikinga nako kuko. Huko Norway wasichana wa miaka 13 hadi 17 walifundishwa kuupasha mwili moto kabla ya mpira kwa dakika 20: kukimbia pole, kuimarisha mapaja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjika kidogo bila ya kuinamia ndani. Habari zao zilitolewa mwaka 2008, na majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Jambo hili halina gharama. Halitaki kiwanja cha nyasi wala viatu vya thamani. Na kwa watu wazima wenye magoti yaliyochakaa, imeonekana kwamba kila kilo moja ya uzito inayopungua huliondolea goti mzigo wa kadiri ya kilo 4 katika kila hatua.

MWENYE GOTI BOVU NA SALA YAKE

Twamalizia kwa jambo lililo karibu zaidi na nyoyo zetu. Wako wazee, na vijana pia, ambao daktari amewakataza kupiga magoti kwa miezi, nao hujilazimisha, huku machozi yakiwatoka, kwa kudhani kuwa sala ya kitini ina upungufu. Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi, akamuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya sala. Akaelekezwa asali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa kulala ubavu. Haya yamo katika Sahihi Bukhari. Aliyeelekezwa hivyo ni Sahaba, na aliyemwelekeza ni Mtume; nani kati yetu aliye mcha Mungu kuliko hao?

Basi awezaye kusimama lakini hawezi kupiga magoti, asimame kwa kisomo chake, arukuu awezavyo, kisha akae juu ya kiti na aashirie sijida kwa kuinama, na sijida aifanye ya chini kuliko rukuu. Asikae tangu mwanzo ilhali kusimama hakumdhuru, kwani kisimamo katika fardhi ni nguzo. Ama anayedhurika kwa kusimama, naye ana ruhusa yake. Na goti si katika viungo vya udhu. Aliyefungwa kitambaa gotini tu udhu wake ni kama wa mtu mzima. Ikiwa plasta imefika mguuni, au amepatwa na janaba, na amuulize mwanachuoni wa mtaani kwake namna ya kupaka na kutayamamu, asiache sala.

Nanyi maimamu na wakubwa wa misikiti, wekeni viti vichache pembezoni mwa safu, na mzee atakayekikalia asitazamwe kwa jicho la dharau. Nanyi wazazi, msimwite mtoto mwoga anaposema goti linauma, wala msimhimize kurudi kwa sababu timu ya mtaa imepungukiwa. Nawe kijana, mwili huu si mali yako ya kuutapanya. Ni amana, na kila amana ina siku ya kuulizwa. Subira ya miezi 9 ni nyepesi kuliko kuchechemea miaka 40.

Hapana maradhi aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu ila ameyawekea dawa; hivyo ndivyo alivyotufundisha Mtume wetu. Na katika dawa ya goti, sehemu kubwa ni kungoja kwa elimu. Twamuomba Mola Mtukufu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atuwezeshe sote kumsujudia, kwa magoti tukiweza, na kwa ishara tukishindwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.